Mkorosho Uliosalimiwa

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi kule Kota Bharu, saa mbili asubuhi Kak Som, yaani Dada Som, alifika maabara ya chuo na mfuko wa majani machanga ya mkorosho. Aliyachuma uani kwa mama yake baada ya kuusalimu mti, kama inavyopasa. Kazi yake ilikuwa kuyaosha, kuyasaga na kudondosha maji yake kwenye dawa ya zambarau. Dawa ikigeuka njano, jani hilo linauzuia mwili usichakae. Alikuwa kibarua wa muda kwa miaka kumi na tisa, na Alhamisi bodi ingeamua kama aajiriwe moja kwa moja.

Siku hiyo dawa iligeuka njano kabla majani hayajatoka mfukoni. Feni ilipukutika kutu yote. Mkuu wa maabara, Dokta Hisyam, aliingia na kipara, akasimama kidogo, akatoka akitafuta kitana cha nywele zilizokwisha kumwota.

"Andika: sampuli nzuri," alisema aliporudi.

"Niandike na salamu, Dokta? Wiki jana dereva wako alichuma kimyakimya kama mwizi, dawa ikabaki zambarau."

"Kak Som, usinichekeshe. Andika yalichumwa kwa utaratibu."

Kuosha majani ilikuwa kazi ya Kak Som peke yake. Jumatatu mvi zilimwisha. Jumanne magego mawili yalirudi. Alhamisi aliingia mbele ya bodi akiwa binti wa miaka ishirini, nguo ameibana kwa pini.

Mwenyekiti alisoma faili, akamtazama.

"Uzoefu miaka kumi na tisa. Mwanangu, ulianza kazi ukiwa na mwaka mmoja?"

"Thelathini na minne."

"Basi umri umepungua, na uzoefu umekwenda nao. Dokta, unamfahamu huyu?"

Dokta Hisyam alikuwa akichana nywele.

"Sura ngeni," alisema.

Hilo lilimuuma Kak Som kuliko yote. Walimpa mkataba wa mwanagenzi, wa muda, mwaka mmoja.

Jumapili iliyofuata mama yake alikuwa kizingitini, sahani ya wali mkononi.

"Leo chuma kimyakimya, wakome! Warudie vipara vyao!"

Kak Som alisimama chini ya mkorosho, mkono tayari umeshika tawi. Alikuwa na hasira.

"Mti umenikosea nini, mama?" alisema.

Akausalimu, akachuma. Saa mbili kamili alitia saini kwenye daftari la wanagenzi wapya.