Miaka Miwili Niliyojiongezea

Hapa Hai Phong huwezi hata kuanza sentensi kabla hujajua umri wa mwenzako. Hakuna "mimi" na "wewe" ya bure. Kuna kaka na mdogo wake, shangazi na mpwa, bibi na mjukuu. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza ya kufundisha Kiingereza, Diem, mwalimu wa kike wa meza ya jirani, alinisalimu kwa swali: "Mimi ni wa mwaka wa Nguruwe. Wewe je?"

Hapa kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu. Nikapiga hesabu haraka. Mimi ni wa Panya, mdogo wake kwa mwaka mmoja. Maana yake ningeitwa mdogo mbele ya wanafunzi na kummiminia chai hadi nistaafu.

"Mbwa," nikasema, mnyama anayemtangulia Nguruwe. Miaka miwili nikajiongezea, hivi hivi.

"Karibu, Kaka," akasema, akanimiminia chai. Kwa miaka tisa amenimiminia, na mimi, mtu mzima hovyo, nimeinywa.

Chumba nilipanga ng'ambo ya kichochoro, mkabala na mkahawa wa mama yake, Bibi Nhan, anayeuza tambi na supu ya kaa. Yule bibi nampenda mno. Nikikosea kutamka neno hunigonga mkono kwa mwiko, kisha huniongezea kaa.

Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya aliniita jikoni. Khue, mke wa mwanawe, alikuwa akichambua majani, tumbo la miezi minane limemtangulia. Mwaka jana mimba ilitoka, na nyumba nzima ilimlaumu jirani aliyeingia asubuhi ya Mwaka Mpya kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapa mguu wa kwanza kuvuka kizingiti ndio unaoleta heri au nuksi ya mwaka mzima.

"Mwaka unaokuja ni wa Farasi," Bibi Nhan akasema. "Nimeuliza hekaluni. Mbwa na Farasi wanapatana kama chumvi na ndimu. Wewe ndiye utakayeingia wa kwanza, mjukuu wangu."

"Na avae shati jekundu," Diem akadakia huku akiosha bakuli. "Asije na lile jeusi kama anakwenda kuzika."

Khue akainua macho. "Nikijua ni wewe, Kaka, nitapata usingizi."

Panya na Farasi hawaivi chungu kimoja, hata watoto ninaowafundisha wanajua. Mimi siamini mambo hayo. Lakini Khue anaamini, na tumbo ni lake.

"Bibi," nikasema, "mimi si Mbwa."

"Unasemaje?"

"Ni Panya."

Diem akahesabu kwa vidole, akarudia, kisha akanigeukia. "Wewe! Miaka tisa! Mbele ya mkuu wa shule nakuita Kaka, kumbe katoto!"

"Nisamehe, Di... Dada."

"Sijasikia."

"Dada!"

"Paza sauti, wasikie na wanaokula huko nje!"

Khue alicheka hadi akashika kiuno. Halafu kicheko kikamkatika, machozi yakamtoka. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi. Ningehesabu kila siku hadi ujifungue."

Akaitikia kwa kichwa tu. Bibi Nhan alikuwa ananawa mikono, kidole baada ya kidole, bila kuniangalia. Niliogopa kweli. Watu hawa ndio wanaoniuliza kila siku kama nimekula, sina wengine mji huu.

"Asubuhi ya Mwaka Mpya," akasema hatimaye, "nisikuone ukivuka kizingiti changu."

"Nimeelewa, Bibi." "Nitakaa chumbani kwangu. Sitatoka mpaka mniite."

"Chumbani kufanya nini?"

"Si umesema nisivuke..."

"Panya huyu ana akili kweli?" akamuuliza Diem. Akajifuta mikono kwenye aproni, akanisogelea, akanishika shavu kwa vidole vyenye harufu ya kaa. "Anayevuka kizingiti siku hiyo ni mgeni. Mbwa nitamtafuta, mtaa huu umejaa Mbwa. Wewe kesho jioni lete godoro lako. Nikifunga mlango wa mwaka, nataka watoto wangu wote wawe ndani."