Kilichokuwa Kikilia Stoo

Tangu mama mkwe aje kukaa na binti yake na mumewe, mlio wa chuma kukwaruzana na chuma kutoka stoo ulimnyima raha. Kila alipouliza, binti yake alimjibu tu, "Hayo ni mambo ya mume wangu, mama." Jioni moja uzalendo ukamshinda, akabisha hodi.

Mkwewe alishtuka, akaificha nyuma mikono yenye grisi. "Shikamoo mama. Samahani kwa kelele."

"Marahaba. Unapika nini humu?"

Kando ya mashine ya kukereza vyuma palikuwa na injini ya mvuke, ndogo kama birika. Maji yalichemka ndani ya boila ya shaba, lakini gurudumu lilikuwa limegoma.

"Pistoni imesimama mwisho wa njia yake," alieleza mkwewe. "Mvuke hauwezi kuitoa hapo mpaka gurudumu lisukumwe kidogo."

"Si ulisukume basi!"

"Lisukume wewe, mama."

Akalisukuma kwa kidole. Injini ikapiga chafya, ikatema maji, halafu ikachanganya mbio. Mama mkwe alicheka hadi akatafuta pa kukaa, na yule mkwe aliyezoea kusalimiana naye na kupishana tu akacheka naye.

"Isimamishe," alisema mama mkwe akifuta machozi. "Nataka kuona tena inavyoanza."