Upana wa Mguu

Mzungu wa mabomba ya maji alinipa viatu vyake kwa sababu nilimpita mlimani. Yeye alikuwa na baiskeli nyembamba kama mbavu za mbwa, mimi nilikuwa na Phoenix na mikungu mitatu ya ndizi nyuma. Alipofika kileleni alinikuta nakaza kamba za mzigo. Akacheka, akanipa mkono. Kazi yake ya kambini Mtabila ilipokwisha alinitafuta sokoni Kasulu, akaniwekea viatu mikononi, akanionyesha namba iliyoandikwa ndani. Ilikuwa namba yangu. Urefu ulinitosha. Upana hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Kamati ya mashindano ilitangaza mbio za baiskeli, Kasulu hadi Kibondo, na mshindi angeingia timu ya mkoa na kwenda Dar es Salaam. Tangu niache shule nilikuwa nabeba ndizi na mihogo kutoka Mabamba, kila kilima kinanijua kwa jasho. Niliitaka nafasi ile kuliko ndoa. Nilitaka jina langu, Venanti, lisomwe redioni, na si kwenye matangazo ya vifo.

Nilivipeleka viatu kwa Bazilio, fundi baiskeli. Vilikuwa vya njano, na badala ya kamba vilikuwa na mikanda ya kunata. Chini palikuwa na kidude cha kung'ata pedali za kizungu, ambazo Phoenix yangu haikuwa nazo. Bazilio alikifungua. Soli ilibaki tupu, nyeusi, laini kama sahani. Si mbao, si chuma. Aliibana gotini akajaribu kuikunja kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Haipindi," alisema. "Kanyaga hapa, nguvu yote inafika kwenye mnyororo. Lakini itateleza kwenye mpira wa pedali."

"Tufanyeje?"

"Mzigo unaoteleza tunaufanyaje sisi?"

Tukacheka wote. Akakata tyubu kuukuu vipande viwili. Nikikaa juu ya baiskeli, kila kiatu kingefungwa kwenye pedali yake kama gunia la maharage kwenye keria. Wakati ule lilionekana wazo zuri.

Asubuhi ya mashindano Nkunzimana alikuja amevaa makobazi ya tairi. Alikuwa mkimbizi wa Mtabila, mwembamba, mrefu, mwendesha baiskeli pekee niliyemhofia. Kamati ilikuwa imemwombea kibali cha siku moja, maana mbio zenyewe ziliitwa za ujirani mwema.

"Mwakeye, mtani," alinisalimu. "Mbona umevaa majeneza?"

"Ni ya kwako. Nayajaribu kwanza."

Aliinama, akabonyeza kiatu ubavuni kwa kidole gumba. Akaacha kucheka.

"Hiki ni chembamba, Venanti. Hiki ni cha miguu kama yangu. Wewe miguu yako imetanuka kama jembe, umekanyaga matope peku toka utotoni. Nipe hivi, chukua makobazi yangu. Twende sawa."

"Unataka kuniibia kabla ya filimbi?"

"Nataka ushindwe ukiwa na vidole."

Watu waliangua kicheko. Mama mmoja muuza maandazi alishika mbavu. Kicheko kile kiliniingia kuliko pilipili.

Kwetu, mwanamume akikabili kazi ya nguvu hujitapa mbele za watu. Husimama, hutaja atakalofanya, na likishatoka kinywani ni mkuki uliokwisha rushwa. Anayelikimbia neno lake huitwa kwa jina la aibu mpaka kaburini. Mimi beti natunga mwenyewe, sikufundishwa na mwalimu yeyote. Nilipanda juu ya jiwe nikasema:

*Guu langu ni la chuma, mwendo wangu ni wa radi,*
*Mtakaokuja nyuma, vumbi kwenu ni zawadi,*
*Vidole vije kuuma, sivui, ninaahidi,*
*Kibondo ndiko kukoma, na mtani ni shahidi.*

Walipiga vigelegele. Nkunzimana alinitazama tu. "Nimesikia," alisema.

Nisimsingizie mzungu: soli ile ilikuwa ya kweli. Mpaka Makere niliruka. Kwenye kandambili nguvu huzama kama maji mchangani, lakini pale kila nilipokanyaga gurudumu liliitika palepale. Niliwaacha wote. Niliimba.

Kisha jua likapanda, na miguu ikavimba. Kiatu cha kawaida kingetanuka nayo kidogo. Hiki hakikujua habari hiyo. Kidole kidogo kilianza kuwaka, kikafuata cha pili yake, halafu ubavu mzima wa mguu ukawa kama umebanwa mlangoni. Nililegeza mikanda. Haikusaidia, kwa sababu soli ilibaki na upana uleule na nyama yangu ilikuwa inamwagika nje yake. Baadaye maumivu yalikwisha, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilikuwa nakanyaga kwa miguu ya mtu mwingine.

Nkunzimana alinifikia darajani Malagarasi. Makobazi yake yalikuwa yanapiga kofi, pa, pa, bila haraka.

"Vua!" alisema. "Hapa hayupo wa kukuona."

"Wewe unaniona."

"Nitasema sikuona."

"Nilikutaja shahidi, mtani. Shahidi hadanganyi."

Alitema mate kando. "Mbishi kama pundamilia," akasema, akanipita.

Kwenye kilima kilichofuata gurudumu langu liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Mtu mwingine angeweka mguu chini. Mimi nilikuwa nimefungwa. Nilianguka pamoja na baiskeli kama kuku aliyefungwa miguu, nikahangaika na mipira ya tyubu mpaka kucha zikang'oka. Nilijifunga tena. Ndiyo, nilijifunga tena. Niliingia Kibondo nikiwa wa pili.

Nilivua viatu nilipovuka mstari, kama nilivyoahidi. Soksi zilitoka na ngozi. Nkunzimana alikaa kando yangu, akanimiminia maji ya dumu miguuni, hakusema "nilikwambia". Halafu alikichukua kiatu kimoja, akakipangusa damu, akakivaa. Akavaa na cha pili. Akasimama.

Vilimkaa. Visigino havikuchezacheza, vidole havikubanwa. Alitembea hatua chache, ko, ko, ko, anatabasamu kama bwana harusi.

Ndipo mwenyekiti wa kamati alipokuja na kipaza sauti. Alimsifu Nkunzimana kwa ujirani mwema, akampa shuka. Kisha akasema timu ya mkoa ni ya raia, na kibali cha ndugu yetu kinaisha jioni ile, hivyo nafasi ni ya mshindi wa pili, kijana wetu Venanti.

Watu walishangilia. Mimi niliiona Dar es Salaam, nikaisikia redio. Nikamtazama Nkunzimana ndani ya viatu vile.

"Siitaki," nilisema. "Nilisema mtakula vumbi langu, nimelila mimi. Nafasi ya mtu niliyeuona mgongo wake siichukui."

Mwenyekiti hakubembeleza. Alimwita Marselino wa Kasulu, wa tatu, ambaye alikuwa bado anatapika chini ya mti. Marselino alikubali hata kabla ya kujifuta mdomo.

Nilidhani Nkunzimana angenikumbatia. Alinikamata kola.

"Umefanya nini?"

"Nimekuheshimu."

"Umejiheshimu wewe! Mimi nilikuwa nimeshazoea kukatazwa. Ungekwenda, ningewaambia watoto wangu kambini: huyo anayetajwa redioni nilimpita darajani. Sasa nitawaambia nini? Kwamba nilimshinda mbeba ndizi?"

"Mtani..."

"Usiniite mtani."

Alivivua viatu. Nilimwambia avichukue, ni vyake, vimemkubali. Alivisukuma kwa mguu mpaka vikagusa magoti yangu, akavaa makobazi, akapanda gari la kambini. Hakugeuka.

Marselino redioni walimtaja mara moja, kati ya walioshindwa kumaliza. Mimi bado nabeba ndizi, nikiwa na kucha chache. Viatu vimening'inia kwenye msumari kibandani kwa Bazilio. Ubavuni ngozi imechanika pale palipokuwa na kidole changu kidogo. Wateja huvishusha, huibana soli gotini, hujaribu kuikunja.

Haipindi.