Shanga za Bango la Kakuma

Ofisi ya mawasiliano ya shirika letu pale Lodwar ina watu watatu na vyeo visivyohesabika. Mimi niliajiriwa kuwa afisa wa uhusiano na jamii. Maana yake ni kwamba shirika likitaka kuchimba kisima, kupiga picha au hata kuegesha gari kwenye kivuli cha watu, mimi ndiye ninayetangulia kwenda kuketi na wenyewe na kuuliza. Kazi hiyo naijua. Lakini tangu Bwana Barasa aje kuwa mkuu wetu, nimekuwa mkalimani, mwandishi wa hotuba, mtafuta mahema, na dereva wa shirika akiugua, mimi ndiye dereva. Ukilalamika anatabasamu na kusema, "Sisi ni timu moja, Akidor." Neno timu nimelichukia mpaka siku hizi hata mpira sitazami.

Tulikuwa tukijiandaa kuzindua kioski cha maji Kakuma, na zilihitajika picha za akina mama watakaokitumia. Hapo ndipo nilipopaswa kwenda. Barasa akanibakiza ofisini nimwandikie hotuba, kazi ambayo ni yake, kisha yeye akaenda Kakuma kuzungumza na akina mama, kazi ambayo ni yangu. Alimchukua Jeptoo, mpiga picha wetu, binti mpole aliyetoka Eldoret mwaka huu huu, ambaye hajui kumwambia bosi hapana. Walirudi wakisifiana. Hakuna aliyenionyesha picha hata moja.

Nililiona bango likiwa tayari limetundikwa kando ya barabara, pale unapoingia Kakuma. Juu yake alikuwa Nakuleu, mama wa pale Kakuma ninayemjua vizuri, anacheka, mfereji wa maji nyuma yake, kichwa kimefungwa kitenge, na shingo imejaa shanga nyekundu na manjano mpaka kidevuni. Nilisimamisha gari nikashuka, maana niliona kama macho yananidanganya. Mumewe, Aukot, tulimzika mvua zikianza, na mvua zenyewe zilikuwa hazijaisha.

Kwetu Waturkana, mwanamke akifiwa na mume huvua shanga zote na kunyoa nywele. Shingo hukaa tupu hadi watu wa mumewe waketi, wachinje, wamruhusu kuvaa tena. Hata mtoto mdogo akiona shingo tupu anajua hapo si pa utani. Sisi tulikuwa tumemvika mjane shanga, tukamfunika upara kwa kitenge, tukamchekesha, kisha tukamtundika njiani kila mtu amwone.

Simu ya Erupe ilinikuta bado nimesimama pale. Erupe ni ndugu yake Aukot, na sasa ndiye msemaji wa boma. Hakupandisha sauti. Alisema watu wanauliza ni mwanamume gani amemvalisha shemeji yake shanga kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kama alivaa kwa hiari yake, basi ameshaondoka katika boma hilo, na atapelekwa kwao Lorugum. Watoto watabaki.

Niliendesha hadi Lodwar bila kuwasha redio. Nilipoingia ofisini niliuliza swali moja tu: nani alimvika yule mama shanga? Jeptoo alisema yeye ndiye aliyezifunga, lakini Bwana Barasa ndiye aliyesema picha imepooza na haina Uturkana. Barasa akaruka kimanga. Picha ni za Jeptoo, akasema, na mambo ya mila ni idara ya Akidor. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo Akidor alikuwa hapa hapa, akimwandikia yeye hotuba. Akakunja mikono na kuniambia tusitafute mchawi, kwa kuwa sisi ni timu moja.

Kisha akaandika taarifa. Shirika linasikitika, ilisema, iwapo kuna yeyote aliyekwazika. Nikaambiwa niipeleke Kakuma nikawasomee kwa Kiturkana. Hasira zilinipanda. Yaani uniondoe kwenye kazi yangu, uiharibu, halafu uniite nije kuomba radhi kwa niaba ya mtu asiye na jina!

Nilikwenda, nikamchukua na Jeptoo. Tulianza na bango. Tulilishusha wenyewe, tukalikunja, tukalitupa nyuma ya gari. Kisha tukaenda kwa Erupe. Nakuleu alikuwa ameketi peke yake penye jua, shingo tupu, kichwa kitupu, na wanawake wa boma walikuwa wamejikusanya upande wa pili wenye kivuli kana kwamba yule hayupo. Nilimsalimu, "Ejok." Aliitikia bila kuniangalia. Jeptoo alipomkaribia ndipo alipozungumza, tena kwa Kiswahili, ili Jeptoo asikie mwenyewe.

"Mimi nilikataa," alisema. "Niliambia wewe, mimi nimefiwa, hii shanga hapana. Ukasema niulize mkubwa. Nikauliza mkubwa, akasema hiyo maneno ni kazi ya Akidor, Akidor atakuja kueleza watu yangu. Akaniambia cheka kidogo tu, tumalize. Nikangoja Akidor. Akidor hakuna."

Jeptoo akaanza kulia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu tu, bali kwa uchungu wa kujua kwamba jina langu ndilo lililotumiwa kumnyamazisha.

Niliitoa ile taarifa nikaisoma, kwa sababu nilitumwa. Erupe alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza huyo Shirika anakaa wapi. Jeptoo akafuta machozi, akasema shanga alizifunga yeye kwa mikono yake, na yuko tayari kuadhibiwa.

"Wewe ulitumwa," Erupe alimjibu. "Mimi nataka mwenye alituma. Aje aseme na mdomo yake, mbele ya watu wenye waliona hiyo picha, kwamba huyu mama alikataa. Watu watakuwa pale kwa maji Ijumaa. Akinyamaza Ijumaa, Jumamosi huyu anaenda Lorugum."

Barasa nilipompelekea maneno hayo alisema tuyaache hadi tuzindue kioski hiyo Ijumaa na wageni wa Nairobi waondoke. Nikamwambia Jumamosi mama atakuwa ametenganishwa na watoto wake. Akasema nisiwe na hisia kali. Alhamisi jioni mshereheshaji tuliyemkodi akapiga simu kwamba gari limemharibikia mbali na hatafika. Barasa hata hakufikiria. "Akidor, utashika na maikrofoni," alisema. "Wewe unajua lugha zote." Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilipokea kazi isiyo yangu bila kunung'unika.

Ijumaa uwanja ulijaa, wenyeji upande mmoja, wakimbizi kutoka kambi ya Kakuma upande mwingine, wageni katikati kwenye viti vyenye mito. Erupe alikuja na boma zima. Nakuleu alikuwa mwisho wa safu ya wanawake, na kati yake na wifi yake, Akaale, waliacha nafasi ya kukalisha watu wawili. Kwaya iliimba. Wageni wakatambulishwa. Ikafika zamu ya mkuu wetu wa mawasiliano, na hotuba yangu ilikuwa mkononi mwake.

Nilimkaribisha kwa Kiturkana kwanza, kisha kwa Kiswahili, polepole, nikihakikisha spika ya nyuma inasikika. "Sasa namwalika Bwana Barasa. Yeye ndiye aliyeagiza mama yetu Nakuleu avalishwe shanga zile mlizoziona barabarani. Ana neno na boma la marehemu Aukot, na baada ya hapo atasoma hotuba."

Barasa alinitazama kwa macho ambayo nayakumbuka hadi leo, na sijuti. Alikuja, akaishika maikrofoni, akakohoa.

"Sisi kama timu," alianza, "tunapenda kusema kwamba..."

"Sema mimi."

Hakupaza sauti. Alikuwa Nakuleu, amesimama pale mwisho wa safu, mikono imening'inia ubavuni. Barasa akageuka kumtafuta Jeptoo, na Jeptoo akaishusha kamera akatazama chini. Akageuka kwangu. Nilikuwa nimeshajisogeza pembeni, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ni kumkaribisha tu.

"Sema mimi," Nakuleu alirudia.

Wageni walianza kunong'onezana. Barasa alifuta uso kwa ile karatasi ya hotuba.

"Mimi," alisema hatimaye. "Mama alikataa. Alituambia amefiwa. Mimi ndiye niliyesema avalishwe."

Niliyatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, maana hiyo nayo ni kazi yangu. Erupe alitikisa kichwa mara moja kukubali. Jumatatu Barasa aliniambia nimevunja moyo wa timu na kwamba sitashika maikrofoni tena, na nikamjibu kuwa nashukuru. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Pale uwanjani nilikuwa namtazama Akaale, ambaye aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake, akasogea akaketi karibu na Nakuleu, bega kwa bega.