Kiapo Juu ya Mvinyo wa Saubada

Haya alinisimulia mama mkwe wangu, Mariota, mwaka ule mvua ya mawe ilipotuharibia zabibu zote karibu na kuvuna, tukabaki tumekaa jikoni hatuna la kukanyaga wala la kukamua. Nilianza kulalamika. Akaniambia, "Mvua haikuonei, mwanangu. Ngoja nikueleze kuonewa ni nini." Yeye aliyapata kwa bibi yake, Mengina, na Mengina aliyaona kwa macho yake, kwa kuwa Saubada alikuwa mama yake mzazi.

Saubada alikuwa mjane wa hapa hapa Pujac. Mumewe alimwachia binti huyo mmoja na shamba la mizabibu kule kwenye mteremko wa mawe, juu ya mto. Mizabibu yake, ardhi ya watawa. Ndivyo ilivyokuwa zamani: ukiwapa watawa fungu lao la fedha kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, shamba ni lako na la wajukuu zako. Usipowapa, wanakuja na kamba ya kupimia, kuitwaa ardhi yao.

Mume alikufa katikati ya mavuno, na mwaka ule Saubada hakuwapa kitu. Watawa wakamhurumia. Wakamwambia, mwaka ujao lete mafungu mawili, na baada ya hapo hatutangoja tena.

Hakuogopa, maana mvinyo wa mwaka ule ulitoka mzuri, mapipa arobaini, mweusi kama damu ya ini. Tabu ilikuwa vita. Meli za Waingereza zilijaa mlangoni mwa mto kama nzi mlangoni mwa bucha, na pipa lolote la Mfaransa walilolikuta baharini lilikuwa ngawira yao. Wanunuzi wa mjini Bordeaux walijua, kwa hiyo walitoa bei ya maji.

Basi kila msimu alikuwa akija mfanyabiashara wa Hamburg, mji wa Wajerumani, Bwana Detlef Harmsen. Mji wake haukuwa na ugomvi na mfalme yeyote. Alikuwa mgeni wa nyumba ile tangu mume yu hai, ana chumba chake cha juu, na alikwisha kujifunza kumimina mvinyo kwenye mabaki ya supu na kunywa kwa bakuli kama sisi. Mtu wa sala asubuhi na jioni, hatukani hata punda.

Akamwambia Saubada, "Mama mwenye nyumba, nipe mvinyo niupeleke Hamburg, ukauzwe kwa niaba yako. Tutachoma chapa yangu kwenye mapipa. Mwingereza akiikamata meli, mimi nitasema mvinyo ni wangu, ataachia."

"Na karatasi kati yetu?"

"Karatasi ikionekana, tumekwisha sote wawili."

Wakapigana viganja, wakanywa kikombe kimoja, desturi ya kwetu. Arnaut, ndugu wa marehemu, fundi wa mapipa, ndiye aliyepasha chuma moto akachoma chapa ya Harmsen, pipa baada ya pipa. Naye akanywa kikombe kile.

Meli ilikamatwa. Habari zilifika majira ya kupogoa, kwamba mvinyo uko bandari ya Uingereza na wafanyabiashara wa kule wanaugombania mahakamani. Saubada hakutetereka. Alisema, "Bwana Harmsen atasema." Aprili ikaja baridi ikaunguza machipukizi, shamba likatoa zabibu za kujaza kofia tu. Bado hakutetereka, maana mapipa yake arobaini yalikuwa yanasemewa.

Vuli, Harmsen akaja kama kawaida. Akala supu ya kabichi na mafuta ya bata, akanywa kwa bakuli, akajifuta. Mengina alikuwa anaosha vyombo, masikio yote mezani.

"Waliachia?" Saubada akauliza.

"Waliachia. Nikaupeleka Hamburg, ukauzwa vizuri."

"Mungu akuzidishie. Basi nipe changu, watawa wananikaba."

Harmsen akaweka kijiko chini polepole. "Mama, kule mahakamani waliniwekea Injili. Wakaniambia niape kwamba hakuna tone hata moja lililo la Mfaransa. Nikaapa. Sikulala siku nyingi. Nimeapa uongo juu ya Injili, mimi! Nikaomba nionyeshwe njia. Nikaonyeshwa. Kiapo kikitoka hakirudi, ila naweza kukifanya kiwe kweli. Nisipokupa kitu, basi mvinyo ulikuwa wangu, na sikuapa uongo."

Saubada alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa. "Yaani unaniibia ili usiwe mwongo?"

"Usiseme hivyo. Ni roho yangu."

"Na roho yangu mimi ikale mawe ya mteremko?"

"Nitakuombea," akasema, na Mengina anasema machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mwizi anayecheka unaweza kumpiga kwa mwiko.

Saubada akamwendea Arnaut karakanani. "Shemeji, wewe ndiye uliyechoma. Twende Bordeaux ukaseme."

"Mimi? Mimi nachoma ninachopewa, shemeji. Ukiniletea chapa ya Papa nachoma ya Papa."

"Ulikunywa kikombe kile!"

"Nani hapa Pujac hajanywa kikombe? Hata punda wa padri amekunywa." Akacheka peke yake, kisha akainamisha kichwa. "Harmsen ndiye ananunua mapipa yangu yote. Watoto wangu sita, unawajua majina."

"Ninawajua. Wawili nimewatoa tumboni kwa mkeo mimi mwenyewe."

Mwishowe alikubali kwenda, kwa aibu. Wakapanda mashua, wakifuata kupwa na kujaa kwa maji, wakafika mjini, mbele ya waamuzi watatu, nao wenyewe wafanyabiashara wa mvinyo. Harmsen alikuwapo, kofia mkononi. Saubada akaeleza yote. Arnaut alipoulizwa, alisema alichoma chapa ya Harmsen, na kama palikuwa na maneno mengine hakumbuki, kelele za nyundo zilimwondolea usikivu.

"Lakini bei unaisikia!" Saubada akamwambia, na watu wakacheka.

Mwamuzi mkubwa, mzee mwenye mashavu mekundu, hakucheka. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na dada yake: "Mama, mimi nakuamini."

"Kumbe! Basi amua."

"Ngoja. Hawa wote unaowaona, na mimi mmoja wao, tuna mvinyo baharini kwa majina ya watu wengine. Leo nikisema jina lililo kwenye pipa si kitu, kesho Mwingereza atasikia, atakamata kila meli, wala hataulizia kiapo. Nikikupa wewe mapipa yako arobaini, nimezamisha ya mji mzima."

"Kwa hiyo mji mzima unaelea juu yangu."

"Ndiyo, mama," akasema. Akarudi kitini akaandika kwamba mvinyo ulikuwa wa Harmsen.

Nje, Harmsen alimfuata mpaka gatini. Saubada hakugeuka. Harmsen akamwambia kwa nyuma, "Mama, deni siwezi kulipa, maana halipo. Lakini sadaka ni kitu kingine. Sadaka haivunji kiapo. Nitakupa cha kuwapa watawa mafungu yote mawili. Ila iwe sadaka kweli, mbele za watu. Useme kwamba mvinyo ulikuwa wangu, nami nimekuhurumia."

"Na nikikataa?"

"Basi sina njia. Nami nitahuzunika."

Wakapanda mashua kurudi. Arnaut alimpa Saubada mkate, akaupokea, akautia mtoni.

Jumapili kabla ya Mtakatifu Martin, watu walipotoka misa, Harmsen alisimama, mfuko wa fedha mkononi, nje ya mlango wa kanisa, maana dini yake ya Kiprotestanti haikumruhusu kuingia. Mtawa wa kupokea mafungu alikuwapo. Saubada akashuka ngazi katika gauni lake la msiba, akasimama mbele yake. Mengina alimshika sketi kwa nyuma, akaivuta. Mama akampiga kofi mkononi bila kugeuka.

"Mvinyo ulikuwa wa Bwana Harmsen," Saubada akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye makaburi. "Mimi sikuwa na kitu. Amenionea huruma. Namshukuru kwa sadaka."

"Mfuko ukibaki na kitu, Saubada, nikumbuke na mimi!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na kicheko kikapita uwanjani. Harmsen akampa mfuko, Saubada akautoa hapo hapo kwa mtawa, akambusu Harmsen mkono, kwa sababu ndivyo maskini afanyavyo. Mtawa akaandika kuwa shamba ni lake.

Tangu siku ile shamba lile linaitwa Shamba la Sadaka. Ndilo hili tunalolima. Watu wa mbali hudhani lilitolewa kwa kanisa, husema jina zuri.

Mlangoni mwa nyumba Harmsen akauliza, kwa upole, kama chumba chake kipo.

"Kipo," Saubada akasema. Akapanda mwenyewe akamtandikia.

Jikoni Mengina alikuwa analia kwa hasira. "Umembusu mwizi mkono, mama! Mbele ya kina Arnaut!"

"Nimembusu. Ungependa tuikumbatie heshima chini ya daraja?"

"Ningependa umwambie."

"Nilimwambia. Waamuzi niliwaambia. Wote wananiamini, mwanangu, hakuna asiyeniamini." Akampa bakuli la supu. "Kula. Kesho tunaanza kupogoa, na mikono ni minne tu."

Juu walimsikia Harmsen akisali kwa lugha yake, maneno marefu, kisha ubao ukalia, kisha akakoroma, mkoromo wa mtu mwenye amani. Mengina alilala kwenye benchi, supu haijaisha. Saubada akamfunika, akachukua mundu wa kupogolea akaunoa kwa jiwe, akasikiliza juu, akanoa tena, mpaka hapakuwa na cha kunoa. Akauning'iniza mahali pake. Kisha akajilaza kando ya binti yake, gauni la msiba mwilini, akalala.