Mashine Haikuwa na Virusi

Dada yangu hushona nguo sebuleni kwetu, na mwaka mzima alikuwa akijiandikia programu: unaingiza vipimo vya mteja, yenyewe inachora namna ya kukata kitambaa. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, nzito kuwaka. Akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kisha akapakua zana za kuandikia programu moja baada ya nyingine, akigombana na ujumbe wa makosa mpaka zote zikakubali.

Siku moja alipotoka asubuhi kwenda mjini kununua uzi, mjomba alikuja. Akafunua kompyuta, akakuta dirisha jeusi limejaa maandishi. Hakuuliza mtu. Akaibeba hadi kwa fundi.

Dada aliporudi, aliikuta mezani, imepanguswa vumbi, skrini ina picha ya maua.

"Ilijaa virusi, mwanangu," mjomba alisema, kifua mbele. "Fundi amefuta kila kitu, amepiga Windows mpya."

"Kila kitu? Na faili zangu?"

"Kila kitu! Utadhani imetoka dukani leo."

Nakala nyingine hakuwa nayo. Dada alikaa chini. Mama akachungulia kutoka jikoni. "Mbona humshukuru mjomba wako? Adabu imekwenda wapi?"

"Adabu ninayo, mama. Kazi ndiyo sina tena." Akamgeukia mjomba. "Ungekuta hapa gauni limeshonwa nusu, ungelitupa?"

"Hata kidogo."

"Sasa hii mbona umeitupa?"

"Sikujua kama ni kazi. Nilidhani…"

"Simu unayo mfukoni, mjomba. Ungenipigia! Kaa hapo. Washa intaneti, tunaanza upya."

Mjomba wetu si mtu wa kuamrishwa. Siku hiyo alikaa, simu yake ikitoa mtandao, akitazama dada akirudisha Linux, kisha zana, mpaka jioni.

"Tayari," dada alisema hatimaye.

"Afadhali! Kwa hiyo programu yako imerudi?"

"Haijarudi. Hizi ni zana tu, mjomba, kama mkasi na cherehani. Nguo yenyewe haipo."

Mama alipoleta chai na kumtengea mjomba kwanza, mjomba alikisukuma kikombe upande wa dada. Dada hakukigusa. Alikuwa ameshaanza kuandika, uso umekunjamana, akizibonyeza herufi kama anayezichapa makofi.