Kamba ya Dirishani

Mama yangu, Bi Salhiya, alikaa Mji Mkongwe miaka ishirini na sita, ghorofa ya pili, dirisha kwa dirisha na Bi Mwatima. Walifunga kamba ikavuka kichochoro, na kikapu juu yake. Mama akipika, bakuli linavuka, na halikuwahi kurudi tupu. Mimi nnalala nnasikia kamba inakwaruza nondo, najua kushakucha.

Mwaka jana mwenye nyumba katutoa, anawataka watu wa kompyuta, wale wanaofanya kazi za nchi nyengine. Nilimwambia usoni kuwa ana roho mbaya. Haikusaidia. Tukahamia Mwanakwerekwe. Nyumba nzuri, uwa mkubwa, maji yanatoka. Lakini kila asubuhi mama anafungua dirisha, anatazama ukuta, anafunga.

Mimi napeleka madumu ya maji ya kunywa majumbani, kwa hivyo mule kwetu kwa zamani bado naingia. Kapanga Ridhwan, kijana wa Dar. Bosi wake yuko Ujerumani, kwenye video hajapata kumuona chini ya kifua: juu shati, chini kikoi. Dirisha la mama kalifunga, kaweka meza, anasema mwanga unamsumbua.

Jumatano nikamkuta Bi Mwatima barazani. Akaniambia Ijumaa mwanawe anamhamishia Fumba, ghorofa yao nayo inapangishwa watu wa kompyuta. Mama hajui. Bi Mwatima hataki kumwambia kwenye simu.

Nikapanda juu, nikamwomba Ridhwan nusu saa ya dirisha, kesho asubuhi. Akasema asubuhi ana kikao.

"Wewe kazi yako unaifanyia popote," nikamwambia. "Mama yangu yake haifanyiki popote ila hapo."

Akachomoa waya wa kompyuta. Kisha akasema atakaa jikoni.

Alkhamisi nikamleta mama. Dirisha lilikuwa gumu, nikalipiga bega. Kamba ipo, imejaa vumbi.

"Mwatima!"

"Naam." Kama vile jana tu walikuwa pamoja.

"Bakuli langu la maua unalo mwaka mzima."

"Umehama na kikapu hukukiaga. Ningelirejesha vipi?"

Wakacheka. Halafu Bi Mwatima akamwambia habari ya Fumba. Mama akashika nondo. Kamba ikaanza kukwaruza, nami nikageuka nikatazama ukutani.

Bakuli likafika, na mkate wa kumimina ndani, bado wa moto. Mama akautoa, akalifuta bakuli kwa ncha ya kanga. Nikadhani analitia mkobani. Yeye akatazama mezani kwa Ridhwan, akachukua machungwa matatu, akayatia, akavuta kamba.

"Salhiya, si ulikuwa unalitaka?"

"Nenda nalo Fumba. Ntalifuata huko huko."

Ridhwan katoka jikoni na kompyuta yake kifuani, akauliza machungwa yake yako wapi.

Nikamwonesha dirisha. Mama akamkatia mkate.